Pambano Bovu Hutengenezwa Mezani

Msikilizaji, nianze na usiku mmoja. Tarehe 7 Machi 2020, jijini Las Vegas, kampuni ya UFC iliandaa mapambano mawili ya ubingwa ndani ya kizimba kimoja, mbele ya umati ule ule, kwa kanuni zile zile. Huku Afrika Mashariki kulikuwa kumekwisha kucha, Jumapili ya tarehe 8, Siku ya Wanawake Duniani. Waliokuwa mbele ya televisheni waliwaona wanawake wawili, Zhang Weili wa China na Joanna Jędrzejczyk wa Poland, wakipigana raundi tano ambazo hadi leo hutajwa miongoni mwa bora kabisa katika historia ya mchezo huu. Walipigana mapigo ya maana zaidi ya 300. Paji la uso la Joanna lilivimba hadi sura ikabadilika, na kengele ya mwisho ilipolia, hakuna aliyethubutu kuapa nani kashinda. Majaji wawili walimpa Zhang, mmoja akampa Joanna. Muda si mrefu wakapanda wanaume: Israel Adesanya, bingwa aliyekuwa hajapoteza pambano hata moja la mchezo huu, na Yoel Romero, Mcuba aliyewahi kutwaa medali ya fedha ya mieleka katika Olimpiki ya Sydney. Hao nao walikwenda raundi tano. Ukijumlisha mapigo ya maana ya wote wawili, hayakufika 100. Watu walizomea, Adesanya akaondoka na mkanda wake kwa pointi, na walioamka mapema kulitazama pambano hilo wakabaki wakijiuliza wameamkia nini.

Usiku huo una mafunzo makubwa kwa yeyote anayejiuliza kwa nini mapambano ya MMA, haya mapigano mseto yanayochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabari, yana ubora unaopanda na kushuka namna hii kwenye televisheni. Kanuni zilikuwa zile zile. Mwamko wa ukumbi ulikuwa mmoja. Wote wanne walikuwa watu wa daraja la juu duniani. Basi tofauti ilitoka wapi? Tazama walivyokutanishwa. Joanna alikuwa bingwa wa zamani aliyeutetea mkanda wake mara tano, akaupoteza, akarudi na kushinda pambano lililomrudishia haki ya kuudai. Zhang alikuwa ameutwaa mkanda huo takriban miezi sita nyuma, katika mji wa Shenzhen, kwa sekunde 42 tu. Kila mmoja alifika pale kwa njia iliyonyooka. Romero alifika kwa njia nyingine: alikuwa amepoteza mapambano yake mawili yaliyotangulia, alikuwa na miaka 42, na nafasi aliipata kwa sababu aliyestahili, Paulo Costa, aliyekuwa amemshinda yeye mwenyewe, alikuwa majeruhi. Ni kweli kwamba Adesanya mwenyewe alimtaka Romero, na hilo ni sifa kwake. Lakini tarehe ilikuwa imepangwa, ukumbi upo, televisheni inasubiri, na kiti kilikuwa lazima kikaliwe. Dai langu leo ni hili: ubora wa pambano tunaloliona kwenye kioo huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla glovu hazijavaliwa. Huamuliwa mezani, pale inapopangwa nani akutane na nani, lini, kwa malipo gani, na kwa kipimo gani cha ushindi.

Kabla ya kwenda mbali tukubaliane tunapima nini, maana mabishano mengi ya vijiweni kuhusu jambo hili hukwama hapo. Wapo wanaopima pambano kwa damu. Wapo wanaopima kwa nokauti, na likiisha kwa pointi wanasema wameibiwa muda wao. Kwa kipimo hicho takriban nusu ya mapambano ya UFC yatakuwa mabovu, kwa kuwa takriban nusu huishia mikononi mwa majaji, likiwemo lile la Zhang na Joanna. Mimi napima kwa shaka. Pambano zuri ni lile ambalo kila mmoja ana njia ya kumshinda mwenzake, mwenzake anaijua njia hiyo na kuiziba, naye inambidi atafute nyingine. Mtazamaji anakaa katikati ya maswali na majibu bila kujua lipi litakuwa la mwisho. Mwezi Aprili 2005 Forrest Griffin na Stephan Bonnar walipigana fainali ya shindano la televisheni ambalo mshindi wake angepata mkataba wa UFC. Wote wawili hawakuwa mafundi wa daraja la juu. Ngumi zao zilikuwa pana na ulinzi wao ulikuwa wazi. Lakini walilingana, na kila mmoja aliona maisha yake yote yakining'inia kwenye dakika 15 zile. Pambano lao ndilo linalotajwa kuwa liliiokoa kampuni iliyokuwa ikizama kwa madeni, na mwishowe wote wawili walipewa mikataba. Hapo ufundi ulikuwa wa wastani na ubora ukawa wa juu. Tunaweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Shaka pia haihitaji makonde yasiyokoma. Agosti 2022, katika Salt Lake City, Leon Edwards, Mwingereza aliyezaliwa Jamaika, alishinda raundi ya kwanza dhidi ya Kamaru Usman wa Nigeria, kisha akapotea. Raundi ya pili, ya tatu na ya nne zilikuwa za Usman, akimbana kwenye wavu, akimwangusha, akimchosha. Wengi walikwisha kuhesabu kwamba mkanda hauendi popote. Zilipobaki sekunde 56 za raundi ya tano, Edwards alirusha ngumi ya kumvuta macho, akafuatisha teke la kushoto kichwani, na Usman akalala. Ukizikata raundi zile tatu za katikati na kubakisha teke peke yake, unapata kipande kizuri cha kusambaza kwenye simu, lakini pambano lenyewe umelipoteza, kwa sababu uzito wa teke lile ulijengwa na dakika zote za kubanwa zilizolitangulia.

Hapa ndipo penye malalamiko ya kwanza ambayo lazima niyajibu, nayo ni ya mchezo wa chini. Watazamaji wengi, na hasa waliolelewa na ngumi za kawaida, husema mchezo huharibika pale wawili wanapoangukiana sakafuni. Mfano wao mkubwa wa siku za karibuni ni Agosti 2025, mjini Chicago, Khamzat Chimaev alipomvua ubingwa Dricus du Plessis wa Afrika Kusini. Katika dakika 25 za pambano, Chimaev alimdhibiti mwenzake kwa zaidi ya dakika 21. Majaji wote watatu waliandika 50 kwa 44. Nakubali kwamba kama pambano, halikuwa zuri: shaka ilikufa mapema. Lakini shaka iliuawa na pengo la ufundi baina ya watu wawili, na pengo kama lile lingewachosha watazamaji hata wakiwa wamesimama wima. Anayetaka kuona mchezo wa chini ukiwa na shaka tele arudi Desemba 1994, mjini Tulsa. Royce Gracie, kijana mwembamba wa Brazili mwenye kilo 80 hivi, alilala chali kwa zaidi ya dakika 15 chini ya Dan Severn, mwanamieleka aliyemzidi uzito kwa zaidi ya kilo 30. Kila aliyetazama alingoja amalizwe. Kumbe Gracie alikuwa akisubiri shingo ipite mahali pake. Ilipopita akaibana kabari kwa miguu yake, na Severn akasalimu amri.

Sasa sikiliza kilichotokea kwa waliokuwa majumbani usiku huo wa Tulsa, kwa sababu ndicho kiini cha hoja yangu. Wengi wao hawakuuona mwisho. Muda wa matangazo uliokuwa umenunuliwa ulikwisha huku pambano likiendelea, na kioo kikakatika. Watu walikuwa wamelipa, wakataka fedha zao. Kampuni ikaamua kwamba kuanzia onyesho lililofuata, Aprili 1995, kutakuwa na kikomo cha muda. Ila haikuweka majaji. Matokeo yake Gracie akakutana tena na mpinzani wake wa zamani, Ken Shamrock, na safari hii Shamrock, aliyejua kwamba hakuna wa kuhesabu pointi na kwamba saa itamaliza kazi, alimlalia mwenzake zaidi ya nusu saa. Pambano lilikwenda dakika 36, likaisha kwa sare, na watazamaji wakazomea. Shamrock hakuwa mwoga, na Gracie hakuwa amesahau ufundi wake katika miezi minne. Ofisi ilikuwa imebadilisha sharti moja kwa ajili ya televisheni, na watu wawili wenye akili timamu wakapigana kama sharti hilo lilivyowaelekeza. Tangu utoto wake, mchezo huu umekuwa ukifinyangwa na saa ya televisheni.

Kanuni za pamoja zilizoandikwa New Jersey mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitibu ugonjwa ule: raundi za dakika tano, tatu kwa pambano la kawaida na tano kwa ubingwa, pamoja na majaji wanaompa mshindi wa kila raundi pointi 10. Kwa tiba hiyo kukaja tatizo jipya, ambalo ninalieleza baadaye. Kwanza tuitazame kalenda. Mwaka 2005, mwaka ule wa Griffin na Bonnar, UFC iliandaa maonyesho 10. Siku hizi huandaa zaidi ya 40 kwa mwaka, kila moja likiwa na mapambano kumi na zaidi, na jumla yake ni takriban mapambano 500. Hakuna mchezo wa kupigana unaoweza kuzalisha mapambano 500 ya kutamanika kwa mwaka, kwa sababu mpiganaji hawezi kukwea kizimbani kila wiki kama mchezaji wa soka anavyoingia uwanjani. Mwili humruhusu mara mbili, mara tatu kwa mwaka. Idadi inapopanda mara nne, nafasi zinajazwa na wasioiva, na waliochelewa kustaafu, na wanaopigiwa simu wiki moja kabla kuziba pengo la mwenzao aliyeumia au aliyeshindwa kushusha uzito.

Kwa nini basi maonyesho ni mengi hivyo? Kwa sababu ndiyo bidhaa iliyouzwa. Zamani kampuni iliishi kwa fedha za mtazamaji aliyelipia kila usiku mkubwa peke yake. Kama mapambano hayakumvutia, hakulipa, na kampuni ilihisi maumivu mwezi huo huo. Kuanzia 2019, kwa mkataba na ESPN, sehemu kubwa ya fedha ilianza kuingia kwa uhakika, mwaka hadi mwaka, kwa kutimiza idadi ya usiku ulioahidiwa. Kisha Agosti 2025 kampuni mama ya UFC ilitangaza mkataba na Paramount wa dola bilioni 7.7 kwa miaka saba kuanzia 2026, na kwa mkataba huo utaratibu wa kulipia usiku mmoja mmoja ukaondolewa nchini Marekani. Kwa mtazamaji wa kule ni nafuu kubwa ya mfuko, na simlaumu akifurahi. Lakini fikiria hali ya anayepanga mapambano. Fedha zimekwisha kuandikwa. Usiku mbovu haupunguzi chochote katika hesabu ya mwaka, na usiku mzuri hauongezi kingi. Mkulima anayelipwa kwa idadi ya magunia, bila yeyote kuyafungua, anahitaji moyo wa pekee kuendelea kupepeta.

Ishara ya hali hiyo ni ukumbi mdogo wa Apex huko Las Vegas. Ulianza kutumika kwa mapambano ya UFC Mei 2020, wakati wa korona, na ulikuwa msaada mkubwa: dunia ilikuwa imefungwa, na michezo ilirudi kwenye televisheni kupitia mlango ule. Ila korona ilipopita, ukumbi uliendelea. Kizimba chake ni cha futi 25, kidogo kuliko kile cha kawaida cha futi 30, na watazamaji wake ni wachache. Onyesho la namna hiyo huhitaji kamera tu, kwa kuwa tiketi si tegemeo. Mpiganaji aliyesafiri kutoka bara jingine anapigana karibu na ukimya, dhidi ya mtu ambaye watazamaji wengi hawajawahi kumsikia, kwa ajili ya kutimiza saa kadhaa za matangazo. Mapambano mazuri yametokea pale, sikatai. Yanatokea licha ya mpangilio ule.

Tuje kwenye malipo. Mkataba wa kawaida wa mpiganaji anayeanza UFC umejengwa kwa nusu mbili: donge la kupanda na donge la kushinda. Kwa miaka ya karibuni wengi wameanza na dola 10,000 hadi 12,000 za kupanda, na kiasi kama hicho tena wakishinda. Kutoka humo hutoka fungu la kocha, la meneja, la vipimo vya hospitali, la kodi, na chakula cha miezi ya mazoezi. Sasa mweke mtu huyo kizimbani akiwa ameshinda raundi ya kwanza na ya pili. Imebaki moja. Akishambulia ili kumaliza, anaweza kuteleza, akalambwa konde la bahati mbaya, na nusu ya mapato yake ya miezi minne au mitano ikaondoka. Akimbana mwenzake wavuni kwa dakika tano, au akicheza mbali na kurusha teke hapa na pale, anapeleka nyumbani fedha zote. Ndipo anapozomewa na watu wanaomwita mwoga! Mfanyakazi yeyote mwenye familia angefanya hesabu hiyo hiyo. Na hapo ndipo lilipo lile tatizo la majaji nililoahidi kurudia: kwa kuwa raundi huhesabiwa moja moja, aliyezishinda mbili za kwanza hana sababu ya kimahesabu ya kuhatarisha ya tatu, na aliyezipoteza ana dakika tano tu za kufanya muujiza.

Nitajibiwa kwamba bonasi zipo. Kwa miaka mingi UFC ilitoa dola 50,000 kwa pambano bora la usiku na kwa waliomaliza kwa ustadi. Na mfano mtamu zaidi wa nguvu ya bonasi ni Aprili 2024, kwenye onyesho la 300, ambapo ilipandishwa hadi dola 300,000. Max Holloway alikuwa anaongoza kwa pointi dhidi ya Justin Gaethje. Sekunde kumi za mwisho wa raundi ya tano alionyesha sakafu kwa kidole, akimwita mwenzake waje katikati warushiane bila kurudi nyuma, na sekunde moja kabla ya kengele akamlaza. Aliondoka na bonasi mbili, dola 600,000. Mfano huo nauchukua kwa mikono miwili, kwa kuwa unathibitisha ninachosema: fedha zikiwekwa mahali fulani, tabia hufuata. Lakini bonasi hiyo ya kawaida ilikuwa ya watu wanne hivi katika usiku wa watu zaidi ya 20, na ilitolewa kwa uamuzi wa wakubwa wa kampuni. Donge la kushinda ni la kila mtu, kila usiku, na limeandikwa. Mtu hapangi kodi ya nyumba kwa tumaini la bahati nasibu. Katika kesi waliyofungua wapiganaji wa zamani mahakamani huko Nevada, iliyomalizika kwa UFC kukubali kulipa dola milioni 375, hesabu zilizowekwa wazi zilionyesha kwamba mgao wa wapiganaji katika mapato ulikuwa takriban asilimia 20 au pungufu, ilhali katika ligi ya mpira wa kikapu ya NBA wachezaji hupata karibu nusu. Kwa hiyo nafasi ya kulipa donge zima la kupanda, bila kulikata nusu, ipo. Ni suala la kuamua.

Hoja nyingine, nayo ni nzito, husema kwamba hofu ya mtu binafsi ipo na haiwezi kusukumiwa ofisi. Julai 2018 Francis Ngannou na Derrick Lewis, wawili miongoni mwa wenye makonde mazito zaidi katika uzito wa juu, walitazamana kwa raundi tatu, na mapigo yao yote ya maana hayakufika 40. Ngannou mwenyewe alikiri baadaye kwamba aliingia na hofu aliyobeba kutoka pambano lililotangulia. Nakubali kwamba hofu ipo. Lakini tazama ilivyomjia. Miezi sita kabla, Januari, akiwa amepandishwa haraka kwa sababu nokauti zake ziliuzika sana, aliwekwa mbele ya Stipe Miocic, bingwa aliyemzidi kila kitu isipokuwa nguvu, akapigwa raundi tano hadi pumzi ikamwishia. Alipewa muda wa kujifunza, naye akajifunza. Machi 2021 alimlaza Miocic huyo huyo katika raundi ya pili na kuwa bingwa. Alikuwa Mkameruni yule yule wa machimbo ya mchanga ya Batié, mwenye moyo ule ule. Alipokuwa tayari alipambana, na alipokuwa hajawa tayari alisukumwa kwa sababu soko lilimhitaji mapema.

Wengine huniuliza: ukipunguza maonyesho, vijana watapata wapi nafasi? Swali hili linanigusa kuliko yote, kwa sababu wengi wa vijana hao hutoka nchi zenye milango michache. Jibu langu ni kwamba nafasi ya kijana inapaswa kuwa ngazi, na ngazi ina vipandio. Mpiganaji mwenye mapambano matano kwao, akirushwa moja kwa moja kwenye kioo cha dunia dhidi ya mtu mwenye mapambano 20, hajapewa nafasi. Ametumika kujaza saa, na akipoteza mara mbili anaachwa. Ligi za chini, za nchi na za bara, ndizo mahali pa kuiva, na zinadhoofika pale kampuni kubwa inapowachuma watu wakiwa wabichi.

Na wapo wanaoliona suala zima la ubora kuwa la aibu. Watasema: mnajadili utamu wa watu kuumizana. Seneta John McCain wa Marekani aliuendea mchezo huu kwa hasira mwaka 1996, akawaandikia magavana wa majimbo waupige marufuku, na makampuni mengi ya televisheni ya kebo yakauacha. Siwadharau wanaosema hivyo hata leo. Ila wakinisikiliza wataona kipimo changu kinaelekea wanakotaka. Pambano la hatari zaidi kwa mwili ni lile lisilolingana, la mchanga dhidi ya mkomavu, la mzee aliyekwisha dhidi ya kijana anayepanda, la mtu aliyeshusha kilo nyingi kwa wiki moja kwa sababu ya simu ya dharura. Hayo ndiyo hayo hayo yasiyo na shaka, na ndiyo yanayozalishwa na kalenda iliyojaa kupita kiasi. Mwamuzi mwepesi wa kusimamisha pambano hapunguzi ubora wake hata chembe.

Kuhusu majaji, mfano mwingine wa kufuata upo. Japani, katika mashindano ya PRIDE yaliyojaza Tokyo Dome kabla ya kununuliwa na wamiliki wa UFC mwaka 2007, pambano lilihukumiwa kwa ujumla wake, raundi hazikuhesabiwa moja moja, na mwenye kuzubaa alionyeshwa kadi ya njano iliyomkata asilimia 10 ya malipo yake. Sitetei kila cha PRIDE. Kumkanyaga kichwani mtu aliyeanguka ni jambo ambalo lilistahili kukomeshwa. Lakini hukumu ya pambano zima iliwafanya waliokuwa mbele waendelee kufanya kazi, kwa sababu dakika za mwisho zilibaki na uzito. ONE Championship ya Singapore nayo huhukumu pambano kwa ujumla wake, na mchezo haujaanguka. Na watazamaji wa Japani walikuwa na sifa moja niipendayo: walinyamaza, na mtu aliponasuka kwa ustadi kutoka chini, walipiga makofi. Walifundishwa kuona.

Jambo hilo linatuhusu moja kwa moja sisi wazungumzaji wa Kiswahili. Mwaka 2025 ligi ya PFL ilianzisha tawi la Afrika, Ngannou akiwa mwenyekiti wake, kwa mfumo wa mtoano: ulianzia Cape Town mwezi Julai, Oktoba ukafika Kigali katika ukumbi wa BK Arena, na Desemba ukamalizikia Cotonou. Mtoano una faida ambayo kalenda ya kujaza saa haina: kila pambano lina mahali linakokwenda, na mtazamaji haelezwi kwa nini ajali, anaona mwenyewe. Ukumbi wa Kigali upo mwendo wa basi kutoka Kampala, Bukavu na Mwanza. Watangazaji wetu wa soka wamejenga lugha yao wenyewe, hata mtu asiyeona uwanja anajua mpira uko mguu gani na beki amekosea wapi. Kwa mapigano mseto bado tunasikiliza sana Kiingereza, na pale wawili wanapoanguka, mtangazaji anayejaribu Kiswahili mara nyingi hunyamaza au hupaza sauti tu. Na maneno tunayo. Kabari tunayo, ya mkono na ya miguu. Ngwala tunayo. Kumkalia mtu kifuani, kumpanda mgongoni, kumnyonga mkono, kuupenyeza mguu chini ya mbavu ili anayekulalia apoteze mizani, yote yanasemeka. Mtangazaji akisema, akiwa mtulivu, kwamba aliyelala chali ameshika kifundo cha mkono wa kulia na sasa anahitaji nyonga yake isogee kushoto kwa kiasi cha shubiri moja, basi dakika tano zile ambazo baa nzima ingezomea zinakuwa dakika tano za kushika pumzi, huku kila mmoja akiitazama nyonga ile kama itasogea.